Riba Ifungwe Saa Ngapi?

Tangu saa nane mchana Delbert, mume wangu, alikuwa ameshikilia kidole juu ya kipanya cha kompyuta, na sasa ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Benki ilitupa hadi saa kumi na moja kamili. Ukibonyeza, riba ya mkopo wa nyumba inafungwa palepale ilipo. Usipobonyeza, inapanda na kushuka ipendavyo. Ikipanda hata kwa robo ya asilimia, pensheni zetu hazitoshi, na ile nyumba isiyo na ngazi tunayotaka kununua, ambayo magoti yangu yanaililia, itachukuliwa na wengine.

"Labda kesho itashuka kidogo," akasema.

Huyu ndiye aliyevipita vituo vitatu vya petroli akitafuta nafuu ya senti mbili, tukaishia kusukuma gari kwenye theluji hadi mji wa Toledo.

"Mzee, kitendawili."

"Si sasa, mke wangu."

"Nina mgeni, akipanda nalia, akishuka silali."

"Riba," akanung'unika. "Lakini wataalamu wa redioni wanasema..."

"Hao wataalamu watanibeba ngazini?"

Nilikuwa nakanda unga wa pai. Kile kidole, chenye kucha iliyopasuka, kikainuka, kikaenda kukuna sikio.

Sikio! Nikakikamata kwa mkono wangu wenye unga, nikakirudisha kwenye kipanya, nikakigandamiza.

Kompyuta ikalia ting.

"Na kesho ikishuka je?"

"Kesho nitakuwa napima mapazia."