Chakula cha Kalunde

"Fungua tena, shosho."

Bibi kizee Kasiva alifungua bakuli. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ulikuwa bado unatoa mvuke. Sajenti Jonah, aliyeletwa kambini juzi tu, aliinama na kuuchokoa kwa kijiko mpaka chini ya bakuli, kana kwamba risasi zingeweza kujificha ndani ya maharagwe.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha dada yangu, Kalunde. Ni mgonjwa, hawezi kupika. Anakaa ng'ambo ya mto."

Sajenti alimgeukia Nderitu, askari kijana aliyeshika daftari.

"Hupita kila siku, afande," Nderitu alisema. "Saa tatu anaenda, saa tisa anarudi. Hana shida."

Ilikuwa miezi minne tangu wanajeshi waweke kizuizi pale kwenye mto mkavu wa mchanga, huku mashariki ya Kitui. Wezi wa mifugo walishambulia mara mbili, na wanakijiji wengi wakahamia mji wa Kabati na mbuzi waliosalia. Waliobaki hawakuvuka bila sababu, na kila aliyevuka aliandikwa: jina, aendako, saa ya kurudi. Watu walinung'unika. Wengine waliyaacha mashamba yao ya ng'ambo yakaliwa na nyani. Kasiva peke yake ndiye ambaye hakukosa hata siku moja.

Kila siku alitembea kilomita tatu kutoka kwake, akapanga foleni juani, akapekuliwa, akajibu maswali yale yale. Nderitu, mtu wa Nyeri, alikuwa amezoea kumuuliza habari za goti lake. Siku moja mvua ilimchelewesha, na Nderitu akavuka mto kumtafuta. Alimkuta njiani amelowa chapachapa, akamgombeza kama mtoto. Kasiva aliyacheka maneno yale peke yake mpaka nyumbani.

Lakini Sajenti huyu hakuuliza habari za goti.

"Una watoto, shosho?"

"Mmoja. Musembi."

"Yuko wapi?"

"Alienda mji wa Salama kutafuta kazi."

"Mara ya mwisho mmeongea lini?"

Kasiva alilifunika bakuli. "Huu ni mwaka wa tatu."

Sajenti aliliandika jina la Musembi kwenye kijitabu chake mwenyewe, si kwenye daftari la kizuizi. Akamvuta Nderitu kando. Alidhani ameshusha sauti, lakini Kasiva alisikia kila neno.

"Ng'ambo kule watu walihama. Huyu anapeleka chakula kila siku, na kijana wake haonekani. Wale wezi kuna mtu anawalisha, Nderitu. Fungua macho."

Kisha akarudi akitabasamu. "Leo tutakusindikiza. Dada yako tutamleta huku, daktari wa kambi amwone."

"Hapana, mwanangu. Yeye anaogopa watu asiowajua. Niache niende peke yangu."

"Twende, shosho."

"Basi nitarudi nyumbani. Leo sitavuka."

"Nimesema twende."

Wakavuka, Kasiva mbele na askari wanne nyuma yake, bunduki mikononi. Jua lilikuwa kali na mchanga ulimchoma kupitia ndala zake. Walipita shule iliyofungwa, wakapita nyumba zilizong'olewa milango na mabati. Hakuna jogoo aliyewika, wala mbwa aliyebweka. Mara tatu Sajenti aliuliza kama wamekaribia, na mara tatu Kasiva akaelekeza mbele kwa kidevu. Nderitu alitembea karibu naye. Hakumtazama. Hilo lilimuuma kuliko zile bunduki.

Mwishowe njia ilikwisha. Kasiva alisimama penye mti wa mgunga, karibu na jiwe pana.

Sajenti alipunga mkono, askari wakatawanyika na kulala chini, mitutu ikielekea vichakani. Walingoja. Upepo ulipita kwenye majani makavu, basi. Hapakuwa na nyumba, hapakuwa na moshi, hapakuwa na nyayo za mtu isipokuwa za mwanamke mmoja mwenye ndala, zikija na kurudi, juu ya nyayo zake za jana na juzi. Kando ya jiwe, ndege wawili walikuwa wakidonoa chembe za mahindi.

"Nyumba iko wapi?" Sajenti alinong'ona.

Kasiva aliketi juu ya jiwe, akaliweka bakuli mapajani. Nderitu alishusha bunduki, akachutama mbele yake.

"Shosho, sema ukweli. Kalunde yuko wapi?"

"Sina dada," Kasiva alisema, bila kuinua macho. "Nilitaka tu kuwe na mtu anayejua nimetoka, na anayejua nimerudi."