Unene wa Karatasi ya Sigara

Sajini Romanus wa polisi aliitoa pini ya chuma mfukoni, akaiweka juu ya meza ya kazi.

Manase aliishika kwa sababu kukataa kuishika nako kungekuwa jibu. Akaipitisha kati ya vidole viwili, akausikia ule unene kidogo upande mmoja. Ilikuwa yake.

"Umeitengeneza wewe?"

"Hapana, afande."

Jumatatu lori la abiria lilikuwa limepinduka kwenye mteremko wa barabara ya Njombe, na akina mama waliokuwa wakienda sokoni walikufa. Makambako nzima ilikuwa na neno moja: pini ya springi imekatika. Na pini za springi nani mwingine alizikereza, kama si Manase wa Mahongole, katika kibanda cha nyuma ya nyumba yake? Wiki ile alikereza nyingi. Mwanawe Festo alichukua yake akarudi Njombe na lori lake. Nyingine zilikwenda kwa madereva ambao hata majina yao hakuyauliza. Sasa alijuta kutouliza.

"Jumamosi jioni mashine hii ya kukerezea ilikuwa inafanya kazi?" sajini akauliza.

Esteria, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa maharage. "Jumamosi si ndiyo ile..."

"Jumamosi nilikuwa shambani," Manase akamkata. "Mama Festo, mgeni hajapewa hata uji."

Esteria alimtazama mumewe, akaenda jikoni.

"Kwani kuna nini, afande?"

"Sisemi. Nikisema nitakuwa nimekulisha maneno." Sajini alivua kofia. Wakati wa vita alikuwa fundi katika karakana ya jeshi, na macho yake yalitembea juu ya mashine kama ya mnunuzi wa ng'ombe. "Pini hii ni nene upande mmoja. Imekerezwa na mashine iliyolika. Nikerezee nyingine kama hii, nami nitaipima."

Kulika, mashine yake ilikuwa imelika kweli. Aliinunua kuukuu kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akihama, na reli zake, zinazobeba kisu cha kukatia, zilikuwa zimelika na kufanya bonde upande wa karibu na kichwa kinachoshika chuma, pale kazi zote fupi zinapofanyiwa. Kisu kikifika kwenye bonde lile hurudi nyuma kidogo, na chuma hubaki kinene. Zamani aliwahi kukupima kulika kule: akakereza kipande kirefu, akakipima huku na huku, akakuta tofauti ni unene wa karatasi ya sigara.

Kwa kazi ya pampu ya hospitali ya misheni aliifidia tofauti hiyo. Kisu kikikaribia kichwa, alikisukuma ndani kwa mkono wa kushoto, kidogo mno, mpaka chuma kikatoka sawa mwanzo hadi mwisho. Kwa pini za malori hakujisumbua. Dereva huzigonga kwa nyundo, na ule unene huzidi kuzikaza.

Basi leo zilikuwepo njia mbili za kukereza, na moja iliishia kwenye kitanzi. Manase hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu. Kwa mwoga huenda kicheko, alijiambia, akafunga chuma kwenye kichwa cha mashine, akaanza kuikanyaga pedali yake.

Upepo ulikuwa ukipigapiga mabati. Sajini alisogea karibu mno, hata Manase akasikia harufu ya sabuni kwenye sare yake. Kisu kiliuma. Nyuzi za chuma zikaanguka miguuni, moto, zikijikunja. Manase aliuweka mgongo wake kati ya sajini na mkono wa kushoto, akaanza kuimba wimbo wa kanisani puani, jambo ambalo hakulifanya kazini hata siku moja.

Kisu kilifika kwenye bonde. Kidole gumba kikasukuma. Jasho lilimwingia jichoni naye hakuthubutu kulifuta.

Mashine ilisimama. Sajini akaifungua pini mwenyewe, akaifuta, akatoa kipimo chake cha jeshini. Akapima upande huu. Akapima ule. Akarudia tena, polepole, kama mtu asiyeamini.

"Imenyooka," akasema.

"Nilikwambia, afande. Ile si kazi yangu."

Manase alitaka kucheka. Esteria akaingia na bakuli la uji, lakini sajini hakulipokea. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa kumkamata mhalifu. Ulikuwa na huzuni.

"Nilitamani isinyooke, mzee wangu. Kweli nilitamani. Lakini njia ya mwongo ni fupi."

"Mwongo gani?"

"Jumamosi jioni mlinzi wa duka aliuawa kule Njombe. Tunaye Festo mahabusu. Anaapa kwamba saa ile alikuwa hapa, amesimama karibu na mashine hii, akikusubiri umkerezee pini ya lori lake. Tumeing'oa jana, ndiyo hii. Bwana Hakimu hataki maneno ya baba na mama. Alitaka chuma kiseme."

Esteria alilitua bakuli juu ya meza ya kazi. "Alikuwa hapa!" akalia. "Baba Festo, mwambie! Alikula hapa, akalala hapa!"

"Ni yangu," Manase akasema. "Afande, ni kazi yangu, mimi ndiye niliyeikereza. Nipe chuma kingine. Nitakukerezea nene, kama ile ile, sasa hivi."

Sajini Romanus akazitia pini zote mbili mfukoni, akafunga kifungo.

"Baba yeyote," akasema taratibu, "angeikumbuka sasa."