Maswali Matano Rahisi

"Soma tena," mama alisema. "Soma huku unaniangalia usoni."

Mtaalamu wa vipimo wa baraza la mitihani akaisoma barua kwa mara ya tatu. Binti amefutiwa mtihani wa hesabu kwa udanganyifu. Haruhusiwi kufanya mwingine kwa miaka mitatu.

"Alimwibia nani?"

"Hatuhitaji kumjua, mama. Tuna modeli ya takwimu." Akamgeuzia kompyuta. "Haya matano ya ukurasa wa kwanza ndiyo maswali rahisi kuliko yote. Binti yako amekosa yote. Halafu yale magumu ya mwisho, amepata. Haiwezekani. Lazima alionyeshwa."

"Nani kasema ni rahisi?"

"Watahiniwa wenyewe. Elfu arobaini wameyapata. Swali wakilipata wengi ni rahisi. Ndivyo tunavyopima."

Mama alicheka kicheko kikavu. Alikuwa fundi cherehani. Miaka kumi na minane anapima watu viuno, na hajawahi kumtukana mteja kwa kosa la tepu.

"Mwanangu wiki ya pili hii hatoki ndani. Akienda dukani wanamzomea, mwizi, mwizi! Sasa niambie, bwana mpimaji, hayo maswali wewe umeyafanya?"

"Mimi?"

"Kalamu hiyo hapo. Au shahada zote hizo ukutani hazifiki ukurasa wa kwanza?"

Aliyafanya ili tu amwondoe ofisini. La kwanza likampa B. Binti naye aliandika B. Mwongozo wa majibu ulisema D.

Akarudia. B.

La pili, la tatu, mpaka la tano: majibu yake na ya binti yalikuwa yale yale. Aliyechapa mwongozo alikuwa ameruka mstari, na majibu yote ya ukurasa ule yakasogea nafasi moja.

"Kumbe mliokosea ni nyinyi!" Mama alipiga meza, vikombe vikaruka. "Mkamwita mwanangu mwizi!"

"Ni kosa la uchapaji, mama. Mwongozo hufungiwa kabatini mpaka siku ya kusahihisha. Hakuna mwanafunzi anayeuona."

"Basi hao elfu arobaini, hilo kosa lenu walilitoa wapi?"

Mtaalamu aliirudisha kompyuta upande wake. Alifungua orodha ya watahiniwa wote nchini waliokosa maswali yale matano. Walikuwa kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walikuwa wameshafutiwa mtihani kwa udanganyifu.