Kiingereza cha Sindano

Siku hizo aliyetaka kazi kwenye mtambo wa gesi kule Lindi hakukalia dawati. Kiingereza kiliingia kwa sindano moja, na amri za usalama zilishika mwili kabla ya akili, kwa kuwa penye gesi kusitasita ni kufa.

Chande alichomwa sindano yake Jumatatu. Jumamosi alikaa juu ya mbuzi akimkunia nazi mkewe, Somoe, huku binti yao akisoma kwa sauti kitabu cha Kiingereza cha shule.

"Stop," mtoto akasoma.

Mikono ya Chande ikaganda.

"Baba Mwanahawa, una nini?" Somoe akamtikisa, akamwita, wapi! Macho tu ndiyo yaliyohangaika. Mtoto aliposoma "go", nazi ikaendelea kukunwa.

"Nilikuwa nakusikia," Chande akasema taratibu. "Mwili tu ulikataa."

"Kazi hiyo iache, mume wangu."

"Niache, tule nini?"

Wakabishana mpaka wali ukaungua. Chande akanyanyuka kwa hasira, akashika njia ya mlangoni. Somoe akafumbua kinywa, na lile neno likamjia ulimini, jepesi kama punje ya mchele. Hakulitamka. Lakini Chande alikuwa amegeuka, akaiona midomo yake. Akarudi, akakaa tena juu ya mbuzi.

Tangu siku hiyo hakumbishia tena mkewe jambo lolote. Majirani wakamsifu Somoe kwa kupata mume mpole. Yeye aliitikia, "Alhamdulillahi," akainamisha uso.