Ndoo ya Kijani

Zaituni aliiacha ndoo yake ya kijani mwisho wa foleni ya bombani, katika mtaa asikojulikana, akajibanza kwenye baraza ya fundi cherehani. Huo ndio uliokuwa utafiti wake wa sosholojia. Mhadhiri alikuwa amecheka: "Ndoo isiyo na mwenyewe? Itapigwa teke, dada!"

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaja, akaweka yake nyuma. Foleni iliposogea, aliisukuma ile ya kijani kwa mguu, kisha akasogeza yake. Akasukuma tena. Na tena! Zaituni alijiuma kidole asipige kigelegele.

Ndoo ikafika bombani.

"Ya nani hii?" mama akauliza. Akaikinga maji, ikajaa pomoni.

Zaituni akachomoka mbio. "Shikamoo, mama! Ni yangu!"

"Marahaba. Ulikuwa wapi, mwanangu?" Hakungoja jibu. "Haya, inama nikutwike."

Zaituni akainama. Maji ya baridi yakamtiririkia shingoni, akaangua kicheko, akasimama katikati ya mtaa na ndoo kichwani, hajui aipeleke nyumba gani.