Mlango Uliomkana Mama

Siku hizo milango ilimfungulia mtu kwa kulitambua umbo lake. Mama mmoja, Sikudhani, alikuwa amejifungua miezi minne iliyopita, akapungua haraka, na ngozi ya tumbo ikabaki inaning'inia. Kila siku alimuuliza mumewe, “Hivi hii itarudi kweli?”

Asubuhi moja alitoka kuanika nepi, mlango ukajifunga, mtoto yuko ndani.

“Simtambui huyu,” mlango ukasema.

Alilikaza tumbo kwa kanga mpaka akakosa pumzi. Mlango ukakataa tena. Mtoto akaanza kulia.

“Nifungulie! Mwanangu ana njaa!”

“Tulia, mgeni. Mama yake yupo.”

Kilio kikakoma. Kisha Sikudhani akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka ukutani, ikimbembeleza mtoto kwa jina.