Mguu wa Baba Shukuru

Hiyo ilikuwa klachi ya pili kuungua mwaka huo, na Baba Shukuru aliitangazia gereji nzima kwamba muuaji ni mkewe Tausi, waliyepokezana naye usukani. Tausi mwenyewe alikuwa ameshaanza kuamini.

Fundi Ndekia hakubishana na mtu. Alivuta breki ya mkono, akatia gia ya tatu, akaachia klachi. Injini ilipaswa kuzimika; ikazidi kunguruma tu. "Imekwisha hii," alisema, akaingia chini ya gari.

Alipomaliza kufunga mpya, aliketi kiti cha nyuma, katikati. "Mama, shika usukani. Bosi, kaa naye hapo mbele. Twende tukalijaribu gari."

Tausi aliendesha hadi njia panda na kurudi, akisubiri fundi amsute.

Waliposimama, Ndekia aliinama katikati ya viti. "Bosi," alisema kwa upole, "hapo ulipo hakuna klachi. Mbona tangu tuondoke unaikanyaga?"

Baba Shukuru akatazama chini. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekandamiza zulia.

"Mguu ukilala juu ya klachi safari nzima, unaila kidogo kidogo," fundi alisema, akashuka zake kunawa.

Tausi alitamani kumfuata akaishike mikono ile yenye grisi. Badala yake alitia gia. Hakuna aliyetaja kubadilishana viti.

Barabarani, kwa pembe ya jicho, aliuona mguu ule ukirudi taratibu kulikandamiza zulia. Akaongeza mwendo.